Tulipu Zisizo za Mina

Kwa miaka yote niliyoishi jirani na Mina Zylstra sikuwahi kumwona amekaa bustanini kwake. Nasema kukaa kweli, kuweka makalio kitini na kutazama maua. Kiti kilikuwepo, kizuri, cha mbao, mumewe Alvin alikichonga kwa mikono yake, lakini kazi yake ilikuwa kuwekewa ndoo. Mina akiingia bustanini huinama, na akishainama utaona mgongo tu mpaka saa ya chakula. Ukimwambia dafodili zake mwaka huu zimependeza, atakujibu bila kuinua kichwa, "Na magugu umeyaona?"

Hapa Zeeland, mji wetu mdogo wa watu wa kanisa na jembe, wengi wetu tumelelewa hivyo. Mtu anayekaa chini mchana kweupe ama ana homa ama ana dhambi. Baba yake Mina alikuwa mkulima wa vitunguu kwenye ile ardhi nyeusi ya bondeni, na watoto wake walipalilia kwa magoti tangu hawajaanza shule. Binti yake alipoolewa na kuanza kufukia mizizi ya tulipu kwenye bustani mpya, mizizi ambayo kwa sura haina tofauti na kitunguu, mzee alimuuliza kama ana akili timamu. Kitunguu kisicholiwa ni cha nini? Mina akamjibu kwamba ni cha kutazamwa. Kila akinisimulia hili hucheka, maana huko kutazama kwenyewe hakuwahi kupata nafasi.

Aliyetazama ni Alvin. Alikuwa fundi bomba, mrefu kama nguzo, maneno yake ya kuhesabu. Mwisho wa baridi, theluji ikianza kuyeyuka, alitoa kamera yake kwenye mkoba wa ngozi na kulala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa, apige picha krokasi, vile viua vifupi vya zambarau vinavyowatangulia wenzao. Baada ya krokasi ni dafodili, kisha hayasinti, na tulipu ndizo alizozipenda kupita zote. Ikifika baridi nyingine alitualika nyumbani, akatundika shuka jeupe ukutani, akazima taa na kutuonyesha picha hizo moja moja kwa mashine yake ya kumulika, Mina akizunguka gizani na kahawa na mkate wa lozi. Alvin hakusema kitu zaidi ya jina la ua. Waume zetu walikuwa wakikoroma kabla hatujafika kwenye hayasinti.

Lazima niseme pia jinsi Mina alivyokuwa akipanda, kwa sababu mtaa mzima ulimsema. Sisi wengine tunapanda kwa kamba na vijiti. Tulipu zangu mimi zimenyooka, ukisimama mwisho wa mstari unaona ua moja. Mina alikuwa akijaza mizizi kwenye aproni, anaipa bustani mgongo, anairusha nyuma juu ya bega, na pale inapodondoka ndipo anapochimba. Na huyu ni mwanamke aliyekuwa akipiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. Nilimuuliza mara moja ni wazimu gani huo. Akaniambia kwamba ametumikia mistari ya baba yake utoto wake wote na sasa basi.

Alvin alianza kupotewa na vitu akiwa bado na nguvu. Kwanza funguo, halafu majina ya vyombo vyake vya kazi, halafu njia ya kurudi kutoka kanisani, ambayo ni moja na haina kona. Halafu akatupotea sisi. Siku alipowasha jiko la gesi na kwenda kulala, watoto wao wakasema imetosha, akapelekwa nyumba ya wazee iliyo ng'ambo ya reli. Jina la mwisho kumtoka lilikuwa la Mina. Akaanza kumwita "mama", kwa heshima zote, kama unavyomwita mwanamke usiyemfahamu anayekupisha mlangoni.

Mina alilimeza hilo. Kila Jumatano alimpelekea supu ya njegere, nami nilikwenda naye kwa kuwa nina gari zuri na mdomo, na mle ndani mtu mmoja alihitajika kuongea. Alvin alikuwa akila, anashukuru, kisha anatazama ukuta. Baridi hiyo yote alikuwa akitazama ukuta. Tukirudi nyumbani Mina alikuwa hasemi, nami, ambaye kwangu kunyamaza ni adhabu, nilikuwa nikinyamaza.

Krokasi zilipotoka, Mina akanunua kamera ndogo. Ile ya Alvin alisema ina vitufe vingi kuliko ogani ya kanisa. Alipiga picha, akazisafisha kule duka la dawa, wanakosafisha pia picha, na Jumatano akazitoa kwenye mfuko pamoja na supu. Zilikuwa mbaya, sitamsingizia. Nyingine zilionyesha kidole chake zaidi kuliko ua.

Alvin aliichukua ya kwanza, akaisogeza karibu na pua.

"Nani kaipiga hii?"

"Mimi," Mina akasema.

"Umepiga umesimama."

"Nimesimama, ndiyo. Ulitaka nipae?"

"Ua lina urefu wa kidole, mama, na wewe uko huko juu kama unachungulia kisima. Lala chini."

"Nyasi zimelowa."

"Basi na wewe utalowa."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote tuliyoyasikia kwake tangu Krismasi. Mina akamlisha supu. Kwenye gari aliniambia ana kiu, tusimame mahali anywe maji, lakini tuliposimama hakushuka. Alilia pale pale, huku mkanda wa kiti umemfunga.

Kesho yake nilichungulia dirishani nikamwona amelala kifudifudi uani kwake, hatikisiki. Nilitoka mbio na ndara, moyo uko mdomoni, nikiwaza nitampigia nani simu kwanza.

"Mina! Umeanguka?"

"Nyamaza, unatikisa ardhi."

"Mtu mzima, umelala kwenye matope, na mimi ninyamaze?"

"Jo, njoo uone. Ndani ya haya maua kuna mistari, kama imechorwa kwa sindano. Na huku katikati ni rangi ya yai. Nimeyapanda maisha yangu yote, sikujua kama yana mistari."

"Mimi na goti hili nikilala hapo, nani ataniinua?"

Alikuwa ameshasahau kama nipo. Tangu siku hiyo mwanamke alibadilika. Asubuhi alikuwa anasubiri jua lifike kwenye ukuta wa jiko, maana aligundua kuwa petali zikimulikwa kwa nyuma zinawaka kama kioo cha taa. Magugu yakaanza kunyoosha shingo naye anayaruka. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye kile kiti cha Alvin, ndoo iko chini, mikono iko mapajani. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, anatazama. Niliona haya, kama niliyemfungulia mtu mlango wa bafu, nikarudi kwangu.

Picha za dafodili alizipeleka zikiwa nzuri kweli. Alvin alizipanga mezani na kuanza kuzinyooshea kidole.

"Hizi za upande wa jiko ndizo zilizotangulia. Kila mwaka zinatangulia."

"Kwa nini?" Mina akauliza.

"Bomba la maji ya moto linapita chini yake. Nililiweka mimi. Mwenye nyumba anadhani ni mbolea yake."

Mina, mwenye nyumba, ambaye kwa miaka amewatambia wenzake kanisani kuhusu mbolea hiyo, akafungua mdomo na kuufunga. Nilicheka mpaka mhudumu akachungulia. Alvin naye akacheka, alipenda kuona watu wanacheka. Tulipokuwa tunaondoka akamshika Mina mkono wa sweta.

"Tulipu bado?"

"Jumatano ijayo," Mina akamwambia. "Nitakuletea zote."

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Yule mtu hakujua tena watoto wake wala mwaka tulio nao, lakini bustani ile alikuwa bado anaijua. Ulikuwa uzi mmoja uliobaki kati yake na nyumbani, na Mina ndiye aliyeushika. Aliniambia kwamba anaogopa. Tulipu zikipita bila Alvin kuziona, mpaka machipuko mengine huenda uzi umeshakatika. Hakulia safari hii, alisema tu, huku akichambua njegere.

Tulipu zilikuwa zimefumba bado, zimevimba, siku mbili tatu zifunguke. Na tulipu ikifika hapo, kila kulungu wa wilaya anajua na anakuja kuila. Kwangu hawaji kwa sababu ya Tippy, mbwa wangu, ambaye hana ukubwa wa birika lakini anabweka kama analipwa. Mina alikuwa akinyunyizia dawa yake ya mayai viza na kitunguu saumu, harufu inatufikia sote. Jumamosi jioni ikanyesha mvua kubwa ikaiosha yote.

Jumapili baada ya ibada nilimsimamisha penye gari.

"Mina, dawa yako imekwenda na maji. Nyunyiza tena leo."

"Leo Jumapili, Jo."

"Najua leo ni nini, nimetoka kusinzia kwenye mahubiri. Ni dakika chache."

"Mama yangu hakushika hata mkasi Jumapili. Nitanyunyiza kesho alfajiri."

"Kulungu hawasali Jumapili. Nipe chupa nikunyunyizie mimi, dhambi iwe yangu."

"Dhambi yako ikifanyika kwenye bustani yangu ni yangu," akasema, akanipa peremende kunifunga mdomo, akaenda zake.

Jumatatu alfajiri nilimwona kwa dirisha amesimama uani, chupa ya dawa mkononi. Nilijua kabla sijatoka. Walikuwa wamekula zote. Si kwamba walibakiza za huku wakamaliza za kule, la. Kila bua lilikuwa limekatwa juu kabisa, kwa usafi, na matope yamejaa nyayo. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalianza na "nilikuambia". Nilipouona uso wake nikayameza. Kwangu mimi hiyo ni kazi nzito kuliko kulima.

Jumanne alikuja penye uzio.

"Jo, niazime tulipu zako."

"Kata. Kata hata zote."

"Sikati. Nataka kupiga picha."

Nilielewa anachotaka, na sikukipenda. Kumdanganya mtu asiyeweza kujitetea kulinikwaruza. Nilimwambia hivyo, tena kwa ukali. Akasema, "Aliniuliza, nikamwahidi. Wewe ungempelekea nini?" Nikamfungulia geti. Alilala kwenye nyasi zangu mchana kutwa, akipiga za karibu, mstari usionekane, huku Tippy akimbwekea masikioni.

Jumatano Alvin alikuwa akitungoja, au alikuwa akiungoja mlango, sijui. Mina alimpa picha. Mimi nikamshikia kopo la supu. Alvin alizitazama moja moja, nyekundu, njano, zile nyeupe zenye ukingo wa waridi.

"Nzuri," akasema.

Mina akashusha pumzi.

"Ila hizi si za Mina."

Mwaka mzima na zaidi hakuwa amelitamka jina hilo.

"Si za Mina kwa nini?" Mina akauliza taratibu.

"Mina hapandi hivi. Tazama kivuli hapa nyuma. Zimepangwa kama watoto wa shule wanaosubiri chanjo. Hizi ni za yule jirani mwenye kijibwa. Mwanamke mzuri, ila akipanda ua utadhani anapigilia msumari."

Mimi nimekaa palepale, supu yake iko mapajani mwangu.

"Za Mina zinaota zinapotaka," Alvin akaendelea. "Anazirusha. Umeshamwona akizirusha? Anafumba macho kabisa. Mimi huwa namwona kwa dirisha la bafuni. Anadhani hakuna anayemwona." Akamshika Mina mkono wa sweta, akamtazama kwa upole. "Yuko wapi Mina?"

Nilitaka kupiga kelele kwamba ni huyu hapa, mzee, umemshika sweta. Mina alinikanyaga mguu.

"Yuko bustanini," akasema.

"Ndiyo," Alvin akasema. "Bila shaka."

Kwenye gari nilisubiri alie, hakulia. Tulipita reli, tukapita kiwanda cha viti, tukakaribia nyumbani.

"Ameniita jina," akasema.

"Hakukuita. Amekutaja," nikamsahihisha. Nikajuta papo hapo. Huu mdomo wangu siku moja utanizika.

"Amenitaja, basi. Yupo anayemtaja, ni mimi, na hajui kama niko mbele yake." Akafungua mkoba, akaufunga. "Sijui nifurahi au nijitupe nje ya hili gari."

"Furahi. Gari likiwa linakwenda si vizuri kujitupa."

Akacheka kidogo. Kisha akasema hatamdanganya tena. Atampelekea alichonacho.

Kwa hiyo wiki iliyofuata alipeleka picha za mabua. Alikuwa amelala chini kama alivyofundishwa, na jua lilikuwa nyuma yake, na mabua yale yaliyoliwa yalisimama ovyo kila mahali, mengine peke yake, mengine mawili mawili, na katikati yake nyayo za kulungu zimejaa maji ya mvua. Nilidhani ni kichaa. Nani anampelekea mgonjwa picha ya hasara?

Alvin alitazama ya kwanza akaanza kucheka, kicheko cha zamani cha kutoka tumboni.

"Kulungu."

"Kulungu," Mina akasema.

"Wamemaliza zote. Itakuwa ilikuwa Jumapili. Mina hagusi kitu Jumapili, na kulungu wanajua." Akafuta macho. "Amenuna?"

"Amenuna sana."

"Mwambie sina neno. Mizizi iko chini salama, na mimi hizi nazipenda. Hizi ndizo zake." Akaipapasa ile picha kwa kidole gumba, kisha akainamia upande wetu kama mtu anayetoa siri. "Mama, wewe unamjua Mina?"

"Namjua."

"Basi Jumatano niletee picha yake yeye. Maua nimeshiba. Lakini usimwambie unampiga, maana atakwenda kubadili viatu. Lala chini ujifanye unapiga ua, ungoje apite na ndoo. Mimi nimefanya hivyo miaka yote. Hajajua mpaka leo."

Mina akatikisa kichwa kukubali. Alimlisha supu yote. Mara mbili kijiko kilikosa njia na Alvin akamwambia si kitu, mama, polepole.

Tuliporudi hakuingia kwake. Alisimama uani, akanitia kamera mkononi, akaokota ndoo. Nililala chini. Goti lilinitukana, nyasi zililowesha nguo yangu ya kutokea mpaka kifuani, na kupitia kile kitundu niliona mabua, anga, na upindo wa aproni.

"Miaka yote hiyo hakuwahi kusema," Mina akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Jo, subiri. Usinipige nalia."

"Kutoka huku chini sioni uso," nikamwambia. "Naona viatu tu. Pita."